Scolastika Yumo

Nani aliyeingiza sampuli zile kwenye kompyuta mwisho wa wiki ile, hakuna aliyepata kujua. Zilikuwa mia mbili na tatu, zimeandikwa bila kosa hata moja, zote za duara, shimo la wachimbaji lililowafukia watu na kuzibwa miaka sita iliyopita.

Jumatatu saa mbili asubuhi, katika maabara ya kupima mawe ya dhahabu pale Masumbwe, kompyuta ilionyesha: Scolastika, yumo, saa 64. Ndiyo kazi ya mfumo ule, kuonyesha nani ameingia na amekaa humo muda gani. Eustace, fundi wa Kahama, aliufunga mwezi uliopita na kuuandikia maneno ya Kiswahili ili kila mtu aelewe.

Scolastika, karani wa maabara, alieleza kwamba alitoka Ijumaa saa kumi jioni. Meneja Gregory akasema basi amempa mtu nywila yake, na hilo ni kosa la kufukuzwa kazi. Akambadilishia nywila mwenyewe. Saa zikaendelea kuhesabika.

Jumatano mchana vitufe vilisikika vikigongwa ndani ya chumba cha kompyuta kilichofungwa, na harufu ya udongo mbichi ikapenya chini ya mlango. Nyumbani, Scolastika aliunguza ugali akiwa ameshika mwiko, asijue alikuwa wapi muda wote huo. Bintiye Martina akasogea mbali naye.

"Mama, mbona haupo?"

Ijumaa, saa zilipopita mia moja na sitini, alitembea sokoni bila kuhisi ardhi, watu wakimsalimia huku macho yao yakimpita kana kwamba aliyesalimiwa yuko nyuma yake, na kichwani mwake vitufe vikigonga taratibu, bila kupumzika, na kwa kila kitufe kimoja akapoteza kitu kimoja, sala ya asubuhi, njia ya kwao, sura ya marehemu mama yake.

Gregory ndiye aliyemleta Mageni, mganga wa wachimbaji. Mama yule alisoma kioo cha kompyuta, akauliza nani ameliandika neno "yumo". Eustace akakiri.

"Mwanangu, aliye hai huko chini tunasema yuko kazini. Yumo ni aliyefukiwa, asiyetolewa. Umempa jini jina, ukamwonyesha na mahali pa kukaa."

Eustace akauliza kwa sauti ya chini kama alifute jina.

"Ukilifuta, unamfuta na mwenyewe. Jina tumwachie jini. Mtu atoke."

Ikaamuliwa hivyo. Jina libaki kwenye mfumo na chumba kile kisizimwe umeme; mwenyewe aitwe kwa jina la mwanawe, na asiitwe tena lile la zamani. Wa kumwita awe yule aliyezoea kuliita kila asubuhi kwenye orodha ya kazi.

Scolastika akakalishwa mbele ya kompyuta. Gregory akasimama mlangoni.

"Mama Martina, toka."

Hakusogea. Akaita tena. Mara ya tatu mwanamke akainuka, akaja akiburuta miguu, na alipovuka kizingiti, sauti kama yake ikaitika kutoka kwenye kiti alichokiacha: "Abee."

Hakuna aliyegeuka kutazama. Gregory alifunga mlango mwenyewe, akageuza ufunguo mara mbili.