Mgeni wa Kiti cha Enzi

Kiti kilikuwa na joto. Mwanasiti aliondoa mkono wake haraka, kisha akaurudisha polepole. Ilikuwa alasiri, nyumba tupu, bintiye Hikma bado yuko shule, na kile kiti cha plastiki karibu na mlango kilikuwa na joto la mtu aliyeinuka sasa hivi. Akajiambia ni jua. Jua gani, na dirisha lenyewe linatazama ukuta wa jirani?

Alikuwa amerudi kutoka Ujerumani juzi tu. Kikundi chao cha taarabu cha hapo mtaani Mbotela kilialikwa kwenye tamasha katika mji mdogo wa kale, wenye vijia vya mawe na nyumba za mbao na chokaa zilizoinamiana. Wenyeji waliwatembeza kwenye ngome ya kilimani, wakawaingiza kanisani kusikia kengele, mwisho wakawapeleka makumbusho. Humo ndani Mwanasiti alikiona kiti cha enzi cha kwao pwani, cheusi, kimenakshiwa kwa pembe, kimezungushiwa kamba asikikalie mtu. Kiti cha kumkalishia mgeni wa heshima, kimetupwa kwenye baridi! Uchungu ulimpanda. Akainama, akanong'ona, "Pole, jamani. Karibu kwetu Nairobi." Ndivyo alivyolelewa. Hata nguzo ya stima angeikaribisha chai.

Harufu ya udi ikaanza kusikika nyumbani mchana kweupe, na hakuna aliyefukiza. Halafu Hikma akaanza kumega wali wake na kuusogeza upande wa pili wa sinia, kwenye kile kiti. Sinia lilikuwa likirudi jikoni jeupe, na mtoto anazidi kukonda. Hospitali walimpima, wakasema hana ugonjwa.

"Unamwekea nani, mwanangu?"

"Mgeni. Anasema cha kwangu ndicho kitamu."

Jirani yao Roseline aligoma kuingia. Alisimama mlangoni, akashusha sauti. "Mama Hikma, huyu mtoto anaisha. Na huyo mzee anakohoanga hapo ndani ni nani?"

Mwanasiti alikuwa mjane. Hapakuwa na mzee yeyote. Siku hiyo hiyo alimfuata Fundi Zahoro, mtaalamu wa mambo ya majini, kule Majengo.

Fundi alifika kizingitini akakwama, jasho likamtoka. "Ulimwita?"

"Nilimkaribisha tu, Fundi. Kwa adabu."

"Basi mimi sina nguvu naye. Mwizi ningemtoa, lakini huyu ni mgeni wako. Msindikize mwenyewe mpaka barabarani, umuage vizuri. Usigeuke nyuma."

Hikma alikuwa amejilaza kwenye mkeka. Mwanasiti akakiinamia kiti, akasema, "Haya, nikusindikize." Akatoka, na harufu ya udi ikatoka naye, ikamfuata begani akipita kwenye kamba za nguo na kwa mama muuza sukuma, aliyeacha kukata mboga akatazama nyuma yake, si yeye, na kadiri alivyokaribia Jogoo Road ndivyo nyayo za mtu mzito zilivyosikika zikikanyaga pale pale alipotoa mguu, na alitaka kukimbia, alitaka kulia, lakini alikaza shingo akaenda mpaka ukingoni mwa lami, akasema, "Safari njema, mzee wangu." Harufu ikakatika.

Mwanasiti alilia kwa furaha njia nzima ya kurudi. Fundi na Roseline walikuwa wakimngoja nje. Aliwapita mbio, akaingia ndani kumkumbatia mwanawe.

Hikma alikuwa ameketi sakafuni, mgongo kwenye kile kiti. Sinia lilikuwa jikoni, limeoshwa, na ndani yake hamkuwa na hata punje ya wali. Mwanasiti alimbeba, alikuwa mwepesi kama kanga, na kile kiti nyuma yake kilikuwa na joto.

"Mama," mtoto alinong'ona, "mbona hukumngoja? Amerudi. Bado anakula."