Sekela Amtafuta Bibi kwa Hadubini

Sekela alikuwa na miguu isiyotulia. Kanisani ilicheza. Mezani ilicheza. Tangu Bibi afariki, ilicheza hata kitandani.

Siku ya maziko watu walimwambia, "Usilie, mama. Bibi yumo ndani yako."

Ndani wapi? Sekela alijipapasa tumbo. Akajipapasa kifua.

*Yuko wapi? Yuko wapi?*
*Tiki-tiki, tiki-tiki, miguu haitulii.*

Shangazi Tusekile alifundisha biolojia shule ya sekondari, juu kule kwenye mashamba ya chai. Jumamosi moja alikwenda huko na Sekela.

Kwenye meza ya maabara palikuwa na hadubini. "Hii inakuza vitu vidogo sana," alisema Shangazi. "Inaonyesha hata vilivyo ndani yako."

Ndani yangu? Basi leo nitamwona Bibi, aliwaza Sekela.

"Achama," alisema Shangazi. Akamkwangua ndani ya shavu kwa kijiti, kwaru, kwaru, taratibu. Akapaka kwenye kioo chembamba. Akadondosha dawa ya bluu. Do.

Sekela aliinama akachungulia. "Naona nywele zake."

"Za nani? Hizo ni kope zako. Usipepese macho."

*Yuko wapi? Yuko wapi?*
*Tiki-tiki, tiki-tiki, miguu haitulii.*

Meza ikatikisika. "Wewe mtoto, una sisimizi miguuni?" aliuliza Shangazi.

Sekela akachungulia tena. "Naona jicho lake. La duara, lina weusi pembeni."

"Hilo ni povu la hewa." Shangazi akasogeza kioo kidogo, kidogo sana.

*Yuko wapi? Yuko wapi?*
*Tiki-tiki, tiki-tiki, miguu haitulii.*

Mara ya tatu Sekela aliona vipande vya bluu. Vilikuwa vimelala kama vitambaa, kila kimoja na kidoa katikati.

"Hizo ni seli zako," alisema Shangazi. "Mwili wako wote umejengwa kwa seli. Fundi wake ni Mungu."

Sekela alitafuta juu. Akatafuta chini. Machozi yakamlengalenga.

"Bibi hayumo," alisema. "Walisema yumo ndani yangu. Wamenidanganya."

Shangazi akamvuta karibu. Bibi wa Sekela alikuwa mama yake.

"Bibi yuko kwa Mungu, mwanangu," alisema. "Hayumo kwenye kioo."

"Niache niangalie mara moja tu."

Sekela akainama. Akafumba jicho la kushoto. Ncha ya ulimi ikatoka pembeni mwa mdomo.

Shangazi akaanza kucheka. Alicheka hadi akajifuta macho.

"Unacheka nini, Shangazi?"

"Kaa hivyo hivyo. Usirudishe ulimi. Mama alikuwa hivyo hivyo akitunga uzi kwenye sindano. Jicho moja limefumbwa, ulimi uko nje. Nilikuwa namtania kila siku."

"Mimi hakuna aliyenifundisha."

"Najua," alisema Shangazi. "Ulizaliwa na mtindo huo wa Bibi yako."

Jioni Sekela alisimama mbele ya kioo cha ukutani. Akafumba jicho moja. Akatoa ncha ya ulimi. Akatazama, akatazama, akatabasamu.

Kisha akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mungu, nisalimie Bibi. Mwambie nimemwona. Amina."

Akajifunika shuka, akalala fofofo.