Dawa Kwenye Kabati la Mikate

Mwoka mikate wa mtaa wetu huamka mapema kuliko watu wote. Huwasha tanuri, hukanda unga, kisha hupanga madonge ndani ya kabati la kuumulia. Kabati hilo limeegemea tanuri, kwa hiyo ndani yake kuna joto kutwa. Humo ndimo hamira inamofanyia kazi na unga kuumuka.

"Hamira ni kiumbe hai," hupenda kuwaambia wateja. "Ikipigwa na baridi, inasinzia. Ukiipa joto, inachapa kazi."

Wateja wamesikia maneno hayo hadi yamewatoka masikioni. Lakini mikate ni mizuri, basi wanamvumilia.

Mke wake ndiye anayeuza dirishani. Wana binti mmoja, wa darasa la tano, anayeitwa Chiriku kwa sababu ya kupenda maneno. Mwaka huu Chiriku alianza kukonda. Alikunywa maji mengi, akawa haishi kwenda chooni. Walipompeleka hospitali, wakaambiwa ana kisukari. Mwili wake umeacha kutengeneza insulini. Bila insulini, sukari hujazana kwenye damu na kumdhuru. Sasa atahitaji sindano za insulini kila siku.

Nesi alimfundisha mama namna ya kudunga. Akamwambia chupa ambazo hazijafunguliwa zikae kwenye friji, lakini zisigande. Mama alifuata kila neno, na Chiriku akaanza kurudisha mwili.

Mambo yangebaki shwari kama baba mtu asingetumwa duka la dawa kuchukua chupa nyingine. Alipokuwa anahudumiwa, akauliza dawa hii inatengenezwaje. Mfamasia akamjibu kwamba hii inatengenezwa kwa kutumia hamira. Alitaka kuendelea kueleza, lakini mwenzetu alikuwa ameshafika mlangoni, kichwa kimevimba kwa furaha. Nani wa kumfundisha yeye habari za hamira?

Alipofika nyumbani alifungua friji, akazitoa chupa zote. Akazifunga kwa kitambaa safi na kuziweka kwenye kabati la kuumulia.

"Nesi alisema friji," mkewe alimkumbusha.

"Nesi anajua sindano, mke wangu. Hamira niachie mimi."

Mama akarudi dirishani kuuza. Kwa mambo ya hamira, mumewe hakuwa na mpinzani mtaani.

Haikuchukua muda, Chiriku akaanza tena kuwa na kiu. Mama alidunga kama kawaida, lakini sukari ilizidi kupanda. Kisha mtoto akatapika, akalala, na maneno yote yakamwishia. Ukimuuliza kitu alikutazama tu. Hapo wazazi waliogopa kwelikweli. Wakafunga duka, mikate ikiwa bado tanurini, wakamkimbiza hospitali.

Daktari alimtundikia maji na kumpa insulini ya hospitali. Kisha akawaita wazazi pembeni. Akamuuliza mama kama ana uhakika alikuwa anamdunga mtoto kila siku. Mama akaapa kwamba hakuruka hata sindano moja.

"Basi huenda dozi ni ndogo," alisema daktari. "Itabidi akirudi nyumbani tuiongeze sana. Lakini kwanza niambieni, dawa mlikuwa mnaiweka wapi?"

Mama alimtazama mumewe, kisha akainamisha macho. Hakutaka kumwaibisha mbele ya watu. Mwoka mikate naye alitamani ardhi ipasuke. Angeweza kusema friji, na mambo yangeishia hapo. Lakini alimwona mkewe anavyobebeshwa lawama isiyo yake, akashindwa.

"Nilikuwa naiweka kwenye kabati la kuumulia mikate, daktari. Karibu na tanuri. Mke wangu alinikataza."

Daktari akashusha pumzi ndefu.

"Umenisaidia sana kusema," alimwambia. "Dawa hiyo iliharibiwa na joto. Ningemwongezea dozi, halafu akapata dawa nzima, sukari ingeshuka ghafla hadi akazimia. Angeweza hata kufa. Dozi yake itabaki ileile."

Kesho yake Chiriku alikuwa ameketi kitandani, anaomba uji. Jirani yao alikuja kumtazama. Mwanamke huyu anafanya kazi kwenye maabara ya kiwanda cha dawa, na mtaani humwita Mama Hadubini. Aliposikia habari ya kabati, alicheka hadi akashika mbavu. Maana baba Chiriku ni shemeji yake wa utani.

"Shemeji, ulitaka insulini iumuke?"

"Wewe nicheke tu. Lakini si mfamasia alisema ni hamira?"

"Alisema inatengenezwa kwa hamira. Wewe mkate unautengeneza kwa mikono yako, lakini mikono haimo ndani ya mkate."

Chiriku alicheka. Baba yake akasogeza kiti karibu.

Mama Hadubini akaeleza taratibu. Insulini ni protini. Ndani ya kila chembe hai ya mwili wa mtu, yaani seli, kuna maelekezo ya kutengeneza protini mbalimbali. Wataalamu huchukua maelekezo ya insulini ya binadamu na kuyaingiza ndani ya hamira. Hamira hiyo hulishwa sukari ndani ya matangi makubwa, nayo hutengeneza insulini. Baadaye hamira huondolewa yote, na insulini husafishwa. Kinachobaki kwenye chupa si kiumbe hai. Joto haliwezi kukiamsha, linakiharibu tu.

"Ni hamira peke yake inayofanya kazi hiyo?" aliuliza mama.

"Hapana. Insulini nyingine hutengenezwa na bakteria. Wanakua haraka na hawana gharama kubwa. Lakini protini lazima ikunjwe kwa umbo lake ndipo ifanye kazi, na bakteria hawawezi kukunja kila aina. Hamira inaweza zaidi. Zipo protini ngumu kuliko hizo, kama baadhi ya dawa za saratani. Hizo hutengenezwa na chembe za wanyama zinazokuzwa maabara, polepole na kwa gharama kubwa. Wewe mwenyewe, shemeji, keki ya harusi unampa kila kibarua aitengeneze?"

"Thubutu," alijibu mwoka mikate.

"Basi ndivyo hivyo. Kila protini na fundi wake. Lakini fundi akiwa yeyote, insulini ikishafika kwako, iweke pa baridi, usiigandishe, wala usiikaribishe tanurini."

Chiriku aliporuhusiwa, zile chupa za kabatini zilirudishwa hospitali zikateketezwe. Chupa mpya ziliingia kwenye friji, mbali na sehemu ya barafu. Sukari ilishuka ikatulia, na Chiriku akarudi shule. Wazazi wake walilala usingizi ambao walikuwa wameusahau.

Baba peke yake alibaki na kitu moyoni. Tangu siku ile hakugusa sindano wala chupa. Saa ya kudunga ikifika, alitoka nje akajifanya anapanga kuni.

Asubuhi moja Chiriku alimfuata huko nje na sindano mkononi. Mama alikuwa amesimama mlangoni.

"Leo unidunge wewe, baba," alisema.

Mwoka mikate alimtazama mkewe. Mkewe akaitikia kwa kichwa. Basi akanawa mikono, akapiga goti mbele ya binti yake, akamdunga taratibu. Alipomaliza, machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Haikuuma," alisema Chiriku.