Glavu Nyeusi za Mgeni

Jioni ile nilitoka kurudisha chachu ya mkate kwa jirani yangu, Shangazi Caderina. Mwanangu Efis, mchanga hata kukaa hajui, nilimbeba kifuani. Mume wangu Bachis alikuwa milimani na kondoo.

"Paka wangu kafa," Shangazi akanipokea. "Mchana alikuwa mzima, anabembelezwa na yule mgeni wako. Mwanamke kavua na glavu ampapase vizuri. Nageuka, paka kakauka kizingitini."

"Mgeni wangu tangu lini?"

"Si wewe uliyempa mkate?"

Kweli nilimpa. Kila kiangazi wageni wanapanda huku kwetu Sardinia kutafuta mila halisi. Wanataka kuona tunavyooka, tunavyofuma, hata tunavyolilia maiti. Wengi huja na kamera. Huyu alikuja na glavu nyeusi za sufu, kwenye joto la Agosti.

Niliporudi, nilimkuta getini kwangu. Alimtazama Efis bila kupepesa.

"Mzuri," akanong'ona. "Mzuri mno..."

Nikangoja. Kwetu ukimsifu mtoto unamgusa papo hapo, jicho lako lisimdhuru. Hata mlevi analijua hilo. Yeye alificha mikono nyuma, akaondoka mbiombio.

Kabla giza halijakolea, Efis alikuwa anaungua. Ziwa hataki. Kilio kimekuwa kama mlio wa kifaranga.

Shangazi alikuja na bilauri ya maji, akadondosha punje za ngano huku akisali. Mapovu yakazivamia.

"Jicho hili. Nani kamsifu bila kumgusa?"

"Yule mgeni."

"Basi mfuate! Amguse, hata kwa nguvu. Unangoja nini, we mwanamke?"

Nikakimbia. Nilimkuta ameketi chini ya ukuta wa makaburi. Harufu ya mshumaa uliozimwa ilinijaa puani, na mshumaa sikuuona.

"Dada, nakuomba. Njoo umguse mwanangu."

"Hapana."

"Anakufa!"

"Ni homa tu. Itapita. Mwache..."

Hasira zilinipanda. "Mnakuja kuchungulia maisha yetu, tunawalisha, halafu mnatuachia msiba?"

Akainamisha kichwa.

"Nilimpenda," akasema. "Ndiyo maana sikumgusa."

Mimi nilisikia neno moja tu, kwamba hakumgusa. Nikamkamata mkono wa koti, nikamburuta. Alikuwa mwepesi mno, kana kwamba ndani ya koti hamna mtu. Njia nzima alinong'ona, "Usinilazimishe, mama... usinilazimishe..."

Nyumbani nilimvua glavu mwenyewe. Nikavuta koti lake mpaka kiganja kikatua kwenye paji la uso la mwanangu.

Efis akanyamaza.

Akashusha pumzi. Wekundu ukamtoka mashavuni, jasho likakauka. Shangazi alipiga magoti akimshukuru Mama Maria. Mimi nilicheka na kulia kwa pamoja, nikambusu mtoto kila mahali. Nilipogeuka kumshukuru mgeni, mlango ulikuwa wazi na glavu iko sakafuni.

"Kapoa," nikasema.

"Kapoa, mwanangu. Kapoa," Shangazi akaitikia.

Homa ilikuwa imeshuka.

Ikaendelea kushuka.

Nikaleta blanketi. Nikaleta joho la Bachis la manyoya ya kondoo. Shangazi akachochea moto mpaka jikoni hapakaliki, na bado vidole vya Efis vilikuwa kama vimetolewa kisimani.

"Msugue kifua!"

"Namsugua!"

"Muite jina!"

Nilimuita. Nilimuita mpaka sauti ikanikauka. Macho yake yalikuwa wazi, yametulia, yanatazama mlangoni.

"Shangazi," nikauliza, "yule paka... ulimkuta wa baridi?"

Aliinama zaidi, akaendelea kumsugua Efis miguu.