Shibiri Sita za Bi Siti

Siku Bi Siti alipofariki, cherehani yake ilikuwa wazi na pasi ilikuwa bado ina moto. Kitambaa cha zambarau kilikuwa kimekunjuliwa mkekani. Alitaka kumshonea mama yake, Bi Duni, gauni la Idi. Kabla ya adhuhuri alisema kifua kinambana. Alasiri ilipoadhiniwa, hakuwapo tena.

Watu wa kijiji chao cha Kiuyu walikuja, wakazika, wakasoma khitma, wakarudi makwao. Nyumbani wakabaki wawili: Bi Duni na mjukuu wake Ruweida, binti wa marehemu. Kitambaa kikatiwa sandukuni.

Siku arubaini zikapita. Idi ikabakisha wiki mbili.

"Ruweida," Bi Duni akauliza asubuhi moja, "lile gauni langu limeliwa na panya?"

"Lipo, bibi."

"Basi limalize. Mwanangu hakuwa mtu wa kuacha kazi njiani."

Ruweida alijua kushona foronya na mapazia. Gauni hajapata kulikata. Na kitambaa kile hakikuwa na mwenzake. Mama yake alikinunua mjini Konde, mita tatu na nusu, kipande cha mwisho dukani. Kikiharibika, ndiyo basi.

Akachukua futi, ule utepe wa kupimia wenye namba, akamwendea bibi yake. Bi Duni akausukuma mbali.

"Niondolee! Futi hiyo juzi imempimia mwanangu sanda. Mie bado nala muhogo wangu."

Ruweida akafungua daftari la vipimo la mama yake. Bi Siti alipima kwa mkono, toka ncha ya kidole gumba hadi ncha ya kidole cha mwisho. Hiyo ndiyo shibiri moja. Aliandika hivi: "Mama. Urefu shibiri sita. Kifua, kuzunguka, shibiri tano."

Ruweida akatandaza karatasi ya mifuko ya saruji. Akapima kwa mkono wake, shibiri kwa shibiri, akachora, akakata. Akaibana karatasi juu ya kitambaa kwa pini. Akashika mkasi.

"Hodi! Ruweida, upo?"

Alikuwa Bi Radhiya, jirani yao, anayefundisha kina mama kushona. Aliingia na bakuli la mbaazi. Akaitazama ile karatasi.

"Gauni la nani hilo? La mtoto wa chuo cha Kurani?"

"La bibi."

"Bibi huyu huyu? Weka mkasi chini, mwanangu. Umepima kwa kitu gani?"

"Kwa shibiri. Kama alivyoandika mama."

"Shibiri ya nani?"

Ruweida akatazama mkono wake.

"Mamako alikuwa na mkono mrefu," Bi Radhiya akasema. "Mkono wako ni mdogo. Shibiri hufuata mkono wa mtu. Futi haimfuati mtu. Ndiyo maana tunaitumia."

"Lakini bibi hataki futi. Na mkono wa mama nitaupata wapi?"

"Lile gauni lake la kahawia alilishona nani?"

"Mama. Kwa hesabu hizi hizi."

"Lilete."

Wakalitandaza. Bi Radhiya akapima kwa futi toka begani hadi chini. Sentimita mia moja thelathini na mbili.

"Gawa kwa sita."

Ruweida akagawa pembeni mwa daftari. "Ishirini na mbili."

"Hiyo ndiyo shibiri ya mamako."

Ruweida akaweka kiganja chake juu ya futi, akatanua vidole. Vikaishia kumi na tisa. Mbele yake pakabaki nafasi ndogo, sentimita tatu kufikia shibiri ya mama yake. Akaigusa nafasi ile kwa kidole.

"Kwa hiyo nikate kama la kahawia?" akauliza.

"Bado. Bibi, hebu livae gauni lako hili tukuone."

Bi Duni akalivaa, akasimama, mkono kiunoni. Gauni lilimpanda nyuma, visigino na miundi vikaonekana.

"Mgongo umeinama tangu siku zile liliposhonwa," Bi Radhiya akasema. "Kitambaa kinavutwa juu. Tunapima mwili wa leo, si wa mwaka juzi."

"Niongeze pindo la nyuma?"

"Ukiongeza pindo tu, mgongoni patabana vilevile. Ongeza pale palipoinama. Lakini kwanza tujue ni kiasi gani."

Wote wawili wakamtazama Bi Duni. Bi Duni akaitazama futi.

"Hiyo sitaki," akasema. Kisha akageuka, akampa Ruweida mgongo. "Pima kwa mkono. Kama mamako."

Ruweida akapima toka shingoni hadi kiunoni, akifuata mgongo. Shibiri mbili na vidole viwili.

"Mkono wako baridi kama samaki," Bi Duni akalalamika. "Wa Siti ulikuwa na joto la pasi." Lakini hakusogea.

Alipolivua gauni la kahawia, wakalipima mahali hapo hapo. Palipungua vidole vile viwili; kwenye futi, sentimita nne.

Ruweida akakata karatasi mpya, kwa shibiri ya mama yake. Kipande cha nyuma akakichana toka katikati ya mgongo kuelekea kwapani, bila kufika mwisho. Akakifungua sentimita nne, akabandika karatasi chini yake, akanyoosha mstari kwa rula. Akaacha sentimita mbili za mshono kila upande.

"Sasa nikate kitambaa?"

"Una shuka kuukuu?"

Wakakata shuka kwanza, wakaipiga bandi, mishono mirefu ya muda, kwa mkono, wakamvisha Bi Duni. Pindo likakaa sawa mbele na nyuma.

"Nimekuwa bibi harusi wa mashuka," Bi Duni akasema. Wakacheka wote watatu. Ilikuwa mara ya kwanza nyumba ile kucheka tangu msiba.

Hapo ndipo Ruweida alipokata kitambaa cha zambarau.

Siku ya Idi Bi Duni alilivaa. Sasa hulivaa kila Ijumaa. Daftari limo katika droo ya cherehani. Ukurasa wake wa mwisho una mistari miwili: "Shibiri ya mama, sentimita 22. Shibiri yangu, sentimita 19."