Kioo cha Gari la Rufus

Simu ililia nikiwa nafunga gari langu la kazi, jua linazama nyuma ya maduka ya Toongabbie. Ilikuwa mwezi wa saba, baridi ya Sydney inaingia hadi kwenye meno. Sauti ya mzee, Mkenya, ikaniuliza kama mimi ndiye Candide, fundi wa vioo vya magari. Nikasema ndiye. Akaniuliza kama nazungumza Kiswahili.

Nikamjibu, kwani hapa tunazungumza nini?

Hakucheka. Alisema kuna gari la spoti gerejini kwake, Quakers Hill, kioo cha mbele kimepasuka, na angependa libadilishwe kioo leo leo. Aina ya gari akanitajia, na kioo chake nilikuwa nacho stoo. Huko Quakers Hill mafundi wamejaa tele. Nilipaswa kujiuliza kwa nini ananitafuta mimi, lakini kujiuliza mambo nilikuwa nimeacha tangu mume wangu, Égide, afariki mwaka uliopita. Kanisani walinisifu kwamba nimejikaza. Uongo mtupu. Nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya. Nilimzika bila chozi, nikarudi kazini, nikapika, nikafua, na chakula hakikuwa na ladha mdomoni.

Aliyekuwa ananiinua kitandani asubuhi ni binti yangu, Darlène, wa miaka kumi na miwili. Nilimpigia simu nikamwambia nitachelewa kidogo, wali uko kwenye sufuria, afunge mlango.

"Okay, Mum," akasema. Kiswahili anakisikia chote, lakini ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza, kama mwenye nchi.

Nilichukua kioo stoo nikaenda Quakers Hill, na mzee akajitambulisha kuwa ni Omollo. Alikuwa mrefu, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Akabonyeza rimoti, mlango wa gereji ukapanda, yeye akabaki nje kwenye majani. Gari lilikuwa jekundu, la milango miwili, limelala chini karibu ligusane na sakafu. Alisema ni la mwanawe, Rufus, na kwamba kioo kilipigwa na jiwe barabarani.

Ufa ulianzia upande wa dereva, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, ukatawanyika hadi kwenye kona. Kioo cha mbele huwa ni vioo viwili vilivyogandishwa pamoja. Ukitaka kujua kilipigwa upande gani, unapitisha ukucha. Nikapitisha kwa nje. Laini. Nikaingiza mkono ndani, nikapitisha tena.

Ukucha ukanasa.

Jiwe la barabarani halitokei ndani ya gari. Nikamtazama Omollo, naye akatazama viatu vyake. Nikasema moyoni, ya Ngoswe mwachie Ngoswe, pengine kijana alipiga kioo kwa ngumi akiwa na hasira zake. Nikaomba taa iwashwe. Aliiwasha bila kuingia, akaipapasa swichi kwa mkono mmoja, kisha akazunguka akaingia nyumbani. Nikasikia mlango wa kati ya nyumba na gereji ukifungwa kwa ufunguo.

Nilipofungua gari, harufu ilinipiga usoni. Harufu ya mtu aliyelala muda mrefu, madirisha yamefungwa. Pumzi na jasho la shingo. Nikaweka mkono kwenye kiti cha dereva ili niiname vizuri.

Kiti kilikuwa na joto.

Nikaondoa mkono. Nikaendelea na kazi.

Gundi ya zamani inakatwa kwa waya mwembamba unaouvuta kuzunguka kioo chote, na sauti yake ni kama mtu anayesaga meno usingizini. Khrr… khrr… Nikapumzika kidogo kunyoosha vidole. Sauti ikaendelea. Khrr… Halafu ikanyamaza, kama imegundua kwamba imebaki peke yake.

Kuinua kioo ni kazi ya watu wawili. Zamani Égide alishika kulia, mimi kushoto, tukahesabu kwa Kirundi. Siku hizi nina mkono wa chuma unaonisaidia kubeba, lakini gari hili lilikuwa chini mno, mkono ukakataa kukaa. Basi nikapachika vishikio vya mpira, vile vinavyonyonya kioo, nikajiandaa kuumia mgongo. Nikahesabu kwa mazoea tu.

"Rimwe… kabiri…"

Kioo kikapanda.

Kilipanda pande zote mbili, chepesi. Nilikuwa nimeinamisha kichwa, nikaona vidole kwenye ukingo wa pili, vidole virefu vya rangi yetu. Nikadhani mzee ameona aibu kumwachia mwanamke mzigo, amerudi. Tukakibeba hadi ukutani, tukakiegemeza. Nikasafisha, nikapaka gundi mpya, tukainua kioo kipya, tukakishusha. Kikakaa mahali pake mara moja. Hata Égide, Mungu amrehemu, hakuwahi kukilenga vile.

"Asante, mzee," nikasema.

Ndani ya nyumba, nyuma ya mlango uliofungwa, Omollo akakohoa.

Nikainua kichwa. Gerejini nilikuwa peke yangu.

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Mimi niliitazama gundi. Inataka kama saa nzima ishike, na fundi anatakiwa kusubiri. Ganzi ndiyo hiyo, unaona mambo na hayakugusi. Nikaketi juu ya sanduku la vifaa, nikafungua chupa ya chai na chapati zangu.

Mimi nimekulia kambi ya wakimbizi, Tanzania. Pale mtu hali mbele ya mwenzake bila kumkaribisha. Hata iwe sahani moja ya maharage kwa watoto sita, hata anayepita humjui, unasema karibu, naye anasema asante, nimeshiba, na njaa yake inamuuma, anaenda zake. Huwa hufikirii. Mdomo unasema wenyewe. Kwa hiyo kiti cha gari kilipolia, nyaaa, kama mtu anajigeuza, nilikuwa na chapati mkononi, na mdomo ukasema wenyewe.

"Karibu."

Mlango wa gari ukafunguka.

Ulifunguka polepole, kutoka ndani. Taa ndogo ya ndani ikawaka. Kiti kilikuwa kitupu. Kisha ile harufu ikasogea… ikasogea… ikafika begani kwangu, na chai kwenye kifuniko ikaacha kutoa mvuke. Nikauma chapati. Haikuwa na ladha, lakini hilo nilishalizoea.

Mlango wa nyumba nao ulikuwa wazi, Omollo amesimama pale.

"Umesema nini?" akanong'ona.

"Nimesema karibu."

Akaketi sakafuni, mtu mzima na suruali yake iliyopigwa pasi, akaanza kulia.

Alinieleza huku anafuta uso kwa mkono wa shati. Rufus alikuwa mwanawe wa pekee. Aliacha chuo mwaka wa mwisho, akanunua gari hili, wakagombana, na Omollo akamtoa nje. Alimwambia asikanyage tena kwake, akiwa hai au maiti. Neno la baba, kwao na kwetu, si la kuchezea. Kijana akawa analala garini, hapo hapo nje ya nyumba, katika baridi hii. Asubuhi moja hakuamka. Daktari alisema ni moyo. Tangu azikwe, kioo kinapasuka kutoka ndani. Kinabadilishwa, kinapasuka tena.

"Mwambie aingie, basi," nikasema. "Ni mwanao."

"Nimemwambia. Nimepiga magoti kwa hii simiti. Lakini nilikuwa nimesema akiwa hai ama maiti, na hilo neno ndilo ameshika." Akavuta pumzi. "Nilimlea na adabu, mama. Haingii kwa mtu hajamkaribisha. Mafundi wote wenye wamekuja hapa wanakula lunch yao kimya. Not one says karibu."

Ndipo nikaelewa kwa nini aliniuliza Kiswahili kabla ya kunieleza kazi yenyewe. Nilipaswa kumpiga na chupa ya chai. Nikaanza kuokota vifaa vyangu.

"Nina mtoto nyumbani," nikamwambia.

"Hana ubaya na mtoto. Hugonga tu akifungiwa." Akanishika mkono. "Sunday nikuje kwako? Nimsalimie tu. Just to greet him."

Nikapakia vifaa vyangu garini. Nikaondoka.

Nilipoingia Sunnyholt Road, taa ya mkanda wa abiria ikawaka kwenye dashibodi. Ti… ti… ti. Kiti cha pembeni hakikuwa na kitu, hata mfuko. Ti… ti… ti. Taa nyekundu iliponisimamisha Blacktown nikanyoosha mkono, nikauvuta mkanda, nikaufunga. Mlio ukakoma.

Mkanda haukulala kwenye kiti. Ulibaki umetuna.

Nilizunguka Toongabbie, nikapita kituo cha treni, nikakipita tena, nikitafuta maneno ya kumrudisha alikotoka. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alilishika jembe kabla hata hajala, nitamfukuza kwa kosa gani? Mwishowe nikajipangia hivi: karibu yangu ilikuwa ya chapati, haikuwa ya nyumba. Nyumbani sitatamka neno. Alimradi asimfikie Darlène. Nikapanda ngazi mbio, nikafungua mlango kidogo, nikapenya, nikafunga kwa ufunguo na mnyororo juu yake.

Darlène alikuwa mezani anakula. Akaniuliza, "Mum, why are you running?" Nikaweka kidole mdomoni.

Mlango ukagongwa. Taratibu.

"Hodi," ikasema sauti ya kijana. Sauti ya mtoto wa watu aliyelelewa vizuri.

Égide alikuwa na sheria moja kwa bintiye. Zungumza lugha yoyote unayotaka, lakini mtu akibisha hodi kwetu, hajibiwi hello. Nilirukia meza kuuziba mdomo wake. Kiganja changu kilifika kimechelewa, kikakutana na punje za wali.

"Karibu," mwanangu alikuwa ameshasema, safi kabisa.

Hapo ganzi ikanitoka. Niliogopa. Niliogopa hadi nikamvuta Darlène chini ya meza, nikamkumbatia, na woga ulipopata njia vingine vyote vikaufuata. Nilimlilia Égide. Nililia machozi ya mwaka mzima kwa sauti, na sijui nani alifungua mlango. Nilipoinua uso mnyororo ulikuwa unaning'inia, unacheza, na wali kwenye sahani ya Darlène umepoa.

Mgeni wetu hana fujo. Kazini vioo ni vyepesi, sijaajiri mtu. Darlène anasema haogopi. Ila jioni nikipita mlangoni kwake namsikia anaongea chini chini, Kiswahili kirefu, cha Kikenya, ambacho mimi sikumfundisha.

Jumapili Omollo alikuja kweli, anwani ameisoma kwenye tangazo langu la kazi. Alikuwa na suti, amebeba unga na sukari. Nilimwona dirishani akivuka barabara, akisimama kurekebisha tai. Alipanda ngazi. Akabisha hodi. Nilikuwa bado na hasira naye, lakini nilimhurumia, ni mzazi.

"Karibu, baba," nikasema, nikashika kitasa.

Hakikugeuka.

Nikashika kwa mikono miwili, nikavuta. Mlango ulikuwa umeshikwa kwa ndani, upande wangu, juu na chini, na ile harufu ilikuwa kati yangu na mbao. Omollo akaita jina la mwanawe. Aliita kwa upole, halafu kwa kuomba, halafu akaegemea mlango na kuomba msamaha kwa Kijaluo, maneno nisiyoyajua lakini yanayoeleweka. Hakuna kilicholegea. Giza lilipoingia nikamsikia akishuka ngazi, hatua moja moja. Mfuko wa unga aliuacha nje.

Nikasubiri. Nikajaribu kitasa tena, nikauchukue ule unga. Hakikugeuka.

Darlène akatoka chumbani. Akanitazama nikihangaika, akanishika mkono ili niache.

"Amesema hakuna kutoka leo," akaniambia, kwa Kiswahili.

Nikarudi nikaketi. Tunaishi ghorofa ya tatu, na mlango ni huo mmoja.