Niliunguza Mimi, Akasomewa Mke Wangu

Nina miaka thelathini na nne, nakaa Ibra, huku Oman, na mamaangu, na mke sina. Niliyekuwa naye nilimpoteza mwenyewe, kwa ulimi wangu huu huu... Nakuandikieni uso nimeuinamisha. Mkinitukana mtakuwa na haki.

Wazee wangu walitoka Unguja, mimi nimezaliwa hapa hapa. Nilikwenda Marekani kusoma, na mbio zangu zikanitia katika mpira wao, ule wa kuvaa helmeti na kugongana. Nikawa mchezaji wa kulipwa. Kazi yangu ilikuwa moja tu: wapinzani wakiupiga mpira juu, mimi nimesimama nyuma peke yangu, naudaka, halafu narudi nao mbio huku majitu yote yananijia mimi. Sheria inakuruhusu kunyanyua mkono kabla hujaudaka. Ukinyanyua, hapana ruhusa mtu kukugusa, lakini na wewe hukimbii tena. Wallahi nilikuwa naona haya kunyanyua! Watu wamekuja kuniona nakimbia, ninyanyue mkono kama mtoto wa skuli?

Basi nikagongwa. Nikagongwa kichwa mpaka masikio yanalia, nainuka nacheka. Na tulikuwa na ujanja wetu... Kabla ya msimu daktari anakupima akili, anakusomea maneno uyakumbuke. Mimi nikiyakosa makusudi, ili siku nitakayoumia kweli aone niko vile vile. Nikijiona hodari!

Msimu wa mwisho mpira ukawa unanitoka mikononi mbele ya watu wote. Wakaniacha. Daktari mmoja alinambia kichwa changu kimeumia, nitibiwe, na nisiwafiche watu wangu. Nikarudi Ibra, nikapokewa kama shujaa, nikaficha. Hapana aliyejua kuwa mkono wangu wa kulia unatetemeka, wala kuwa naingia chumbani nisijue nimefuata nini.

Nikamposa Zuwena wa Nizwa, mwalimu wa skuli. Wazee wao na wetu walikuwa majirani Unguja. Siku ya posa kikombe cha kahawa kilikuwa kinanichezea mkononi. Baba yake akadhani nakitikisa kwa desturi ya huku, kuonyesha kuwa nimetosheka, akasema nisitiliwe tena. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo.

Tulipendana, msije mkadhani vingine. Zuwena alikuwa na maneno! Akiniona nimeshiba urojo ananitania, "We Nasri, leo hata kasa wa pwani ya Ras al Hadd anakupita!" Na mimi nacheka mpaka machozi.

Ikaanza kwa mambo madogo. Bomba limeachwa wazi, tangi limekauka. Mlango wa gari wazi, betri imekufa. Mamaangu akiuliza nani, ulimi wangu unatangulia, "Labda Zuwena." Labda! Na yeye, maskini ya Mungu, alikuwa anacheka tu, "Labda mimi kweli."

Ijumaa moja tulikuwa na wageni. Zuwena alikuwa anakaanga sambusa, ikafika alasiri, akazima jiko akaenda kusali. Mimi nikaliwasha, nijikaangie mbili za haraka. Simu ikalia, nikatoka uani, nikasahau kabisa kama kuna jiko duniani! Mamaangu ndiye aliyeuwahi moto, ukamuunguza mkono.

Zuwena alitoka na mswala wake begani. Mamaangu analia, akamwambia, "Mwanangu, unaacha mafuta motoni unakwenda kusali?" Zuwena akajibu alizima. Kisha akanitazama mimi, kama anayeomba shahidi.

Nilikuwa nimeshakumbuka. Nasema tena, nilikuwa nimeshakumbuka! Nikasema nini? "Siku hizi anasahau sana, mama."

Toka siku hiyo watu wakasema binti wa watu kapigwa jicho. Tukampeleka mji wa Bahla kwa mwalimu mmoja akasomewe dua, na dereva nilikuwa mimi! Mwalimu anasoma, Zuwena analia na kikombe cha kombe, maji yaliyooshewa aya, mdomoni, na mimi nimekaa ubavuni nimeukalia mkono wangu usionekane. Mgonjwa alikuwa nani pale, wasomaji wenzangu?

Akaacha kazi kwa hiari yake. Alinambia, "Nikiwasahau watoto wa watu, nitamjibu nini Mungu?" Akawa anazima jiko, anarudi kuliangalia, anarudi tena. Mwisho akampigia baba yake simu aje amchukue, asije akatuunguza sote.

Mzee yule alikuja. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ndogo, halafu akanishika mikono yote miwili. "Utusamehe, mwanangu. Wallahi hatukujua kama binti yetu yuko hivi." Yeye ananiomba radhi mimi! Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikamjibu, "Hapana neno, ami." Akaniomba nimwache kwa wema. Nikatoa talaka, na mji mzima ukanisifu kwa subira.

Baada ya miezi, asubuhi moja, mamaangu alisimama mlangoni kwangu na sufuria jeusi, limeungua mpaka kitako. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Nasri, Zuwena hayupo. Nani kaunguza?"

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi liliniumbua sufuria.

Nilimwambia yote. Akaukunja mkono wake wenye kovu, akalia, akanambia nisivue hata viatu, niende Nizwa saa ile ile. Nikaenda. Nikasema mbele ya baba yake na ndugu zake, sikuacha kitu. Ndugu zake walinitolea maneno ambayo hayaandikiki. Mzee wao aliinuka, akatoka nje.

Zuwena akanambia, "Radhi nimekupa, Nasri. Lakini mpaka leo nikizima jiko siamini kama nimelizima. Hilo utanirudishiaje?"

Nilirudi Ibra na suali lake hilo.

Vijana wenzangu, nakuombeni! Mwenye kuumwa aseme anaumwa. Nyanyueni mkono mapema, mchekwe leo. Aibu ya kusema ni ya siku moja, na hii niliyonayo mimi nalala nayo na kuamka nayo. Wala msimtupie mwenzenu aibu yenu kwa kuwa anakupendeni na hatabisha.

Sasa natibiwa. Na kila anayenisimamisha sokoni kuniuliza kama yule mke wangu alipona, namjibu kwa sauti, wasikie na waliokaa mbali: Zuwena hajaugua hata siku moja. Mgonjwa ni mimi.